/tmp kuhamia kwenye RAM: nini kiwekwe humo na nini kisiwekwe



Wengi wetu tunaotumia Linux kwa kazi za lugha, yaani kuandika tasnifu, kunukuu sauti za mahojiano, kuchambua matini na kadhalika, tumepandisha au tunajiandaa kupandisha mashine zetu kwenda Debian 13, ile inayoitwa trixie, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025. Toleo hili lina badiliko moja ambalo halina kelele wala picha mpya kwenye skrini, lakini linamgusa kila mwenye tabia ya kusema "niweke hapa kwanza, nitahamisha baadaye". Folda ya /tmp, ambayo kwenye Debian miaka yote ilikaa diskini, sasa inakaa kwenye RAM. Ukizima mashine, kilichomo kimekwenda, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Nimeona nieleze kwa kirefu kidogo, na kwa Kiswahili, maana maelezo mengi yaliyopo yameandikwa na watu wa seva kwa ajili ya watu wa seva. Mimi nataka kuongea na yule mwenye saa 40 za mahojiano aliyoyarekodi Lamu au Unguja, na ambaye baadhi ya wazee aliowarekodi wameshatangulia mbele ya haki. Kwa mtu huyo suala la faili la muda na faili la kudumu si la mafundi peke yao.

TUANZE NA NENO LENYEWE

Kwa Kiswahili RAM tunaiita kumbukumbu. Tafsiri si mbaya, ila neno hilo lilikuwa na kazi zake kabla kompyuta haijazaliwa. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayowekwa ili yaliyosemwa yasipotee. Siku ya kumbukumbu ni siku ya kuhakikisha marehemu hasahauliki. Kwetu sisi, kumbukumbu ni kitu cha kutunza. Sasa RAM ni kinyume chake: inakumbuka madamu umeme unapita ndani yake, umeme ukikatika inasahau kila kitu papo hapo. Kwa hiyo mtu akiambiwa "faili lako liko kwenye kumbukumbu" anaweza akatulia moyo, kumbe hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Wenzetu wa mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004, walifanya kazi kubwa ya kutuundia msamiati wa programu huria. Hapa nisije nikaingia kwenye mjadala wa istilahi, nitasema tu RAM kila ninapotaja hiyo kumbukumbu inayosahau, na nitasema diski kwa kile kinachohifadhi hata mashine ikizimwa, iwe diski ya kuzunguka au SSD.

/TMP NI NINI, NA KWA NINI ILIKAA DISKINI

Programu yoyote inapofanya kazi huhitaji mahali pa kuweka vipande vyake vya katikati. Ukiiambia amri ya sort ipange orodha ya maneno milioni kadhaa, huipanga kwa mafungu, huweka mafungu pembeni, kisha huyaunganisha. LibreOffice huwa na mafaili yake madogo ya kazi wakati umefungua sura ya tasnifu. Programu za barua pepe, unapobofya kiambatisho ili ukisome, huweka nakala yake mahali fulani kabla ya kukufungulia. Mahali hapo, kwa desturi ya Unix na Linux, ni /tmp. Ni kama ubao wa jikoni: unakatia vitunguu, ukimaliza unapangusa. Hakuna anayeweka hati ya shamba juu ya ubao wa kukatia vitunguu.

Desturi hii ni ya zamani, na mji huu wa Sydney una sehemu yake katika historia hiyo. Mwalimu John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, mnamo 1976 na 1977, aliwaandalia wanafunzi wake kodi nzima ya UNIX toleo la sita pamoja na maelezo yake mstari kwa mstari. Masharti ya wenye mali yalibana usambazaji wake, kwa hiyo kwa miaka mingi watu walikuwa wakipeana nakala za fotokopi, mpaka kitabu kilipochapishwa rasmi mwaka 1996. UNIX anayoieleza Lions ilikwenda kwenye mashine ya PDP-11/40, ambayo anwani zake za kumbukumbu zilikomea kilobaiti 256. Kompyuta ya mkononi ya leo yenye RAM ya GB 4, ambayo tunaiona ni dhaifu, ina zaidi ya mara 16,000 ya kiasi hicho.

Kwa RAM ya namna ile, hata maandishi unayoyahariri hayakuwa na nafasi ya kukaa yote humo. Kihariri cha wakati ule, ed, kiliyaweka kwenye faili la muda ndani ya /tmp, diskini. Yaani diski ndiyo ilikuwa ikiisaidia RAM. Leo mambo yamegeuka: RAM ni nyingi, na diski ndiyo inayosubiriwa. Badiliko la Debian chanzo chake ni hicho.

TMPFS ILIVYOFIKA KWETU

Mfumo wa mafaili unaokaa kwenye RAM unaitwa tmpfs. Kampuni ya Sun ilikuwa nao kwenye SunOS tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa upande wa Linux uliingia katika mfululizo wa kerneli 2.4, ulioanza tarehe 4 Januari 2001, na mwandishi wake mkuu alikuwa Christoph Rohland. (Mwezi huohuo wa Januari 2001 mkutano wa linux.conf.au ulifanyika hapahapa, Chuo Kikuu cha New South Wales.)

Kwa hiyo tmpfs yenyewe si mgeni. Hata kama hujawahi kulisikia jina lake, mashine yako imekuwa ikiitumia kwa miaka kwenye /dev/shm na /run. Kipya ni kuipa /tmp yote. Fedora walifanya hivyo tangu toleo la 18, Januari 2013. Debian walilijaribu jambo hilo walipokuwa wakiandaa toleo la 7, lililotoka 2013, wakaliacha baada ya mabishano marefu, kisha wamelirudia sasa kwenye toleo la 13. Ubuntu mpaka 24.04 waliacha /tmp diskini. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kukaa meza moja, wote wanasema "mimi natumia Linux", na faili lililowekwa /tmp likawa na hatima mbili tofauti.

INAVYOFANYA KAZI

Mambo matatu yanatosha kuelewa.

Kwanza, tmpfs haina diski nyuma yake. Faili la kawaida unapoliandika, kerneli hulishika kwenye RAM kwa muda mfupi, kisha hulishusha diskini. Faili la tmpfs hubaki pale kwenye RAM, basi, hakuna hatua ya pili.

Pili, ukubwa wake ni dari, si mgao. Debian 13 imeweka dari ya nusu ya RAM. Haina maana kwamba nusu ya RAM yako imeshachukuliwa. Folda ikiwa tupu haili karibu chochote. Ukiweka faili la MB 300 inakula MB 300, ukilifuta inarudisha. Hapa ndipo inapotofautiana na ile diski ya RAM ya zamani, ambayo ilikuwa na ukubwa maalumu uliopangwa mapema. Inatofautiana pia na ndugu yake ramfs, ambayo haina dari kabisa na inaweza kumeza RAM yote mpaka mashine ikwame.

Tatu, RAM ikibanwa, kerneli inaweza kuhamishia sehemu ya tmpfs kwenye swapu, yaani lile eneo la diski linalotumika kuipunguzia RAM mzigo. Hii ni faida, lakini ina madhara kwa mtu mwenye siri, nitaeleza mbele.

JE, MASHINE ITAKWENDA KASI?

Hapa tuwe wakweli, maana kuna watu wanauza habari hii kama dawa ya kila ugonjwa. Nimesema kwamba hata faili la kawaida hupita kwenye RAM kwanza. Linux kwa kawaida huacha data mpya ikae kama sekunde 30 kabla ya kuilazimisha kushuka diskini. Faili dogo lililozaliwa na kufutwa ndani ya sekunde 5 huenda halikuigusa diski kabisa, hata enzi za /tmp ya diskini. Kwa kazi kama hiyo usitegemee muujiza.

Faida inaonekana pale programu inapong'ang'ania kila mara kuhakikisha data imefika diskini kabla ya kuendelea. Kwenye tmpfs hakuna cha kusubiri. Inaonekana pia kwenye diski za kuzunguka, na kwenye mashine zinazoishi juu ya flashi au kadi ya SD, kwa sababu kila uandishi unapunguza umri wa flashi. Halafu kuna faida ya usafi: programu ikichanganyikiwa na kuandika bila kikomo ndani ya /tmp, itagonga dari, lakini haitaijaza diski yenye mfumo mzima.

HESABU YA SAUTI

Sasa tuje kwenye kazi zetu. Hapa Sydney kuna hifadhi ya sauti za lugha iitwayo PARADISEC, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ushirikiano wa vyuo vikuu vya Sydney, Melbourne na ANU. Kiwango chao cha kuhifadhi kanda za zamani kidijitali ni biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde. Tukipiga hesabu ya stereo: sampuli 96,000 mara baiti 3 mara njia 2 ni baiti 576,000 kwa sekunde. Kwa dakika ni kama MB 34.6. Kwa saa ni kama GB 2.07.

Chukua kompyuta yenye RAM ya GB 4. Dari ya /tmp ni kama GB 2, na kidogo imeshapungua kwa sababu kerneli ina sehemu yake. Maana yake mahojiano ya saa moja tu, kwa kiwango hicho, yanaijaza folda yote. Ukiwa na mzee anayesimulia kwa saa mbili, huna mahali. Hata kwa sampuli 48,000, saa moja ni zaidi ya GB 1.

Na ikijaa, dalili zake zinachanganya. Programu itakuambia hakuna nafasi, wewe unatazama diski yako unaona kuna GB 300 tupu, unaanza kuilaumu programu. Au kabla haijajaa, mashine inakuwa nzito kwa sababu kivinjari chenye madirisha 20 kinagombania RAM ileile na sauti yako. Kibaya zaidi, RAM ikiisha kabisa kerneli huanza kuua programu ili ijiokoe, na kuua programu hakupunguzi hata baiti moja ya mafaili yaliyolala /tmp. Mpaka uyafute mwenyewe.

Wale wa takwimu za lugha nao wasidhani wamesalimika. Matini kama ya Helsinki, yenye takriban maneno milioni 25 ya Kiswahili, ukiitoa mafungu ya maneno matatu matatu na kuyapanga kwa sort, inaweza kumwaga mamia ya megabaiti za mafaili ya muda. Kwenye mashine ya GB 16 hutahisi. Kwenye ile ya GB 2 uliyomtumia mdogo wako nyumbani, atahisi.

UMEME NA TABIA ZETU

Tusisingizie kila kitu badiliko hili. Debian hata zamani ilikuwa ikifagia /tmp kila mashine inapowashwa. Lakini kulikuwa na mlango wa nyuma: faili lilikuwa diskini, na hata likifutwa, mtu mwenye ujuzi aliweza kuichomoa diski ile na kujaribu kuliokoa kwa programu za uokoaji. Wengine wameokoka hivyo. Kwa tmpfs mlango huo umefungwa.

Na umeme haukatiki Afrika peke yake. Tarehe 28 Septemba 2016 jimbo zima la Australia Kusini lilikosa umeme kwa sababu ya dhoruba. Tarehe 25 Agosti 2023 usiku, sehemu kubwa ya Kenya ilikuwa gizani. Anayekwenda nyumbani kukusanya data na kompyuta ya mezani, au na ya mkononi ambayo betri yake imeshachoka, asitegemee kabisa folda hii.

Hatari kubwa zaidi si umeme, ni mazoea. Mtu ametumiwa sura na msimamizi wake kwa barua pepe. Amebofya kiambatisho, kimefunguka, ameanza kurekebisha palepale, kila dakika 10 anabonyeza kuhifadhi. Programu nyingine hulifanya faili kama hilo lisomeke tu, ili kukulinda, na zikikulazimisha kuchagua jina jipya usikasirike. Nyingine hazina huruma hiyo. Kazi ya siku nzima inakaa /tmp. Saa 5 usiku anafunga mashine, anakwenda kulala. Asubuhi hana kitu. Kila alipobonyeza kuhifadhi, mashine ilihifadhi kweli, ila kwenye ile kumbukumbu inayosahau.

SIRI ZA WATU WALIOTUAMINI

Kuna upande wa pili, nao kwa maoni yangu ndio unaoifanya tmpfs kuwa jambo jema kwa mtafiti. Kila anayefanya utafiti unaohusu watu katika vyuo vya hapa anafungwa na Tamko la Kitaifa la maadili ya utafiti, lililotolewa mwaka 2007 na kusahihishwa mara kadhaa tangu hapo. Unaahidi kwamba jina na sauti ya aliyekueleza habari zake vitalindwa. Unafunga faili kwa nenosiri, sawa. Lakini programu ulipolifungua iliweka vipande vyake /tmp, bila nenosiri. Vikiwa diskini, kuvifuta hakuviondoi kweli. Vinabaki mpaka siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake. Ukija kuiuza mashine au kuigawa, umegawa na siri za watu.

Kwenye tmpfs vipande hivyo vinakwenda na umeme. Ila angalia mianya miwili. Mwanya wa kwanza ni swapu: RAM ikibanwa, vipande vinaweza kuandikwa diskini. Mwanya wa pili ni kuilaza mashine kwa kuhamishia RAM yote diskini kisha kuzima. Hapo kila kilichokuwa /tmp kimeandikwa diskini pia. Dawa ni kusimba diski nzima pamoja na swapu wakati wa kuweka mfumo, kitu ambacho kisakinishi cha Debian kinakuwezesha kufanya. Tangu kerneli 6.4 ya mwaka 2023 kuna pia chaguo la noswap linaloizuia tmpfs isiende swapu kabisa, na Debian 13 ina kerneli mpya kuliko hiyo. Lakini lina gharama yake: ukilitumia, RAM ikibanwa hakuna pa kupumulia.

HATUA ZA KUFANYA

1. Jua uko wapi. Fungua terminali uandike:

findmnt /tmp

Ukiona neno tmpfs, /tmp yako iko kwenye RAM. Isipokujibu kitu, ni folda ya kawaida ndani ya diski. Kuona dari na kilichotumika:

df -h /tmp

2. Kama umepandisha toleo kutoka Debian 12 na uliacha kitu /tmp, usikate tamaa. Badiliko huanza baada ya kuwasha upya, na tmpfs hutandikwa juu ya folda ya zamani kama mkeka juu ya sakafu. Vya zamani vimefunikwa tu, havijafutwa. Ukiwa na mamlaka ya root andika:

mount --bind / /mnt
ls /mnt/tmp

Nakili unachokitaka kwenda /home, kisha umalize kwa umount /mnt.

3. Kazi kubwa zipeleke /var/tmp. Folda hii iko diskini, na kwa desturi haifutwi mashine inapowashwa upya. Audacity kwa kawaida huweka huko kazi ambayo bado hujaihifadhi. Kwa sort:

sort -T /var/tmp orodha.txt

Na programu nyingi za terminali zitakutii ukiandika kwanza export TMPDIR=/var/tmp. Lakini na huko si kwa kudumu: Debian 13 iliyowekwa upya hufagia mafaili yaliyokaa zaidi ya siku 10 kwenye /tmp na zaidi ya siku 30 kwenye /var/tmp. Aliyepandisha toleo ameachiwa utaratibu wa zamani kupitia faili la /etc/tmpfiles.d/tmp.conf, asilifute bila kujua maana yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hapewi hata jembe, anaonyeshwa mlango.

4. Kama RAM yako ni ndogo, shusha dari. Andika systemctl edit tmp.mount ukiwa root, kisha uweke:

[Mount]
Options=mode=1777,nosuid,nodev,size=1G

Hiyo 1777 maana yake kila mtu anaruhusiwa kuweka faili humo, lakini kila mmoja anafuta la kwake tu. Usiiache, hasa kwenye mashine ya watu wengi. Maneno nosuid na nodev yanazuia hila za mtu kujipatia mamlaka yasiyo yake kupitia folda iliyo wazi kwa wote.

5. Ukiona haikufai kabisa, hakuna ubaya, rudisha /tmp diskini:

systemctl mask tmp.mount

halafu uwashe upya. Kwa mashine yenye RAM ya GB 2, inayotumika kwa sauti au picha, mimi ningefanya hivyo. Kwa yenye GB 8 na kuendelea, ningeiacha tmpfs ilivyo.

6. Rekodi zitoke kwenye kadi ziende moja kwa moja /home, zisipitie /tmp hata kwa dakika mbili. Na kabla ya kuifuta kadi, andika daftari lake:

sha256sum *.wav > daftari.txt

Daftari hilo lina alama ya kila faili. Ukishanakili kwenye diski ya pili, ingia huko uandike sha256sum -c daftari.txt, mashine itakuambia kama kila nakala ni sawasawa na ile ya kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii ni mali kweli. Nakala ziwe mbili au zaidi, na moja isikae nyumba moja na nyingine.

7. Kiambatisho cha barua pepe unachotaka kukihariri, kihifadhi kwanza ndani ya /home, ndipo ukifungue. Hili halihitaji amri yoyote, na ndilo litakalowaokoa watu wengi kuliko hayo sita ya juu.

KWA KUMALIZIA

Mimi naona Debian wamefanya sawa. Folda ya muda sasa ni ya muda kweli, na faili lisilotakiwa kubaki halibaki. Kilichokuwa kinatudanganya ni ile hali ya katikati, ambapo /tmp ilikuwa ya muda kwa jina lakini vitu vinakaa wiki na wiki, tukazoea kuifanya kabati.

Ila mzigo umehamia kwetu. Zamani ungeweza kutokujua na bahati ikakubeba. Sasa inabidi kujua, kwa kila faili, liko upande gani. Kwa kipande cha kazi cha sort, RAM ni mahali pake hasa. Kwa sauti ya bibi aliyekusimulia hadithi ambazo hakuna mwingine anayezijua, hapana.

Wenye mashine zenye mpangilio tofauti, hasa wanaotumia Linux kwenye maabara za vyuo nyumbani, tuelezeni mmefanyaje na dari mmeiweka ngapi. Na wanaistilahi, bado nasubiri neno zuri la kuitenga RAM na kumbukumbu zile za mkutano.

Nawasilisha.

Wasalaam,
Sydney